Mashine Ijue Ilipo: Ufundi wa Sensa za Sumaku

Mashine nyingi ndogo zinazoundwa majumbani, kuanzia printa ya 3D hadi mashine ya kuchonga mbao inayoongozwa na kompyuta (CNC), huendeshwa na mota za hatua. Mota ya aina hii huambiwa isogee hatua 400, nayo husogea. Kwa kawaida hatua 200 hukamilisha mzunguko mmoja, yaani kila hatua ni nyuzi 1.8. Tatizo ni kwamba hakuna anayehakikisha kama kweli imesogea. Kisu kikikwama kwenye fundo la mninga, mota hukoroma na kuruka hatua kadhaa, huku kompyuta ikiendelea na kazi bila wasiwasi wowote. Ni kama mtu anayetembea gizani kwa kuhesabu hatua: akijikwaa, hesabu inabaki ileile, lakini mlango hauko tena pale anapoudhania. Ua lililotakiwa kuchongwa katikati ya mlango wa kabati linaishia pembeni, na ubao umeharibika.

Ndiyo maana watu wanaounda mashine hizi kama burudani ya wikendi hufika mahali wakaanza kutafuta sensa ya kuiambia mashine ilipo. Zipo sensa za mwanga, ambazo husoma mistari myembamba iliyochorwa kwenye kisahani. Ni nzuri sana mahali pasafi. Karakana ya mbao si mahali pasafi. Vumbi la mbao na mafuta huziba mwanga, na katika miji ya pwani unyevu nao huongeza lake. Sumaku haijali vumbi. Haijali mafuta wala giza, na unaweza kuizungushia plastiki bila kuipunguzia nguvu. Inachochukia ni chuma kilicho karibu nayo, na hilo tutalifikia.

Kwanza, inafanyaje kazi? Mwaka 1879, mwanafunzi aitwaye Edwin Hall katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, mjini Baltimore, alisoma kitabu cha James Clerk Maxwell akakuta maelezo kwamba sumaku husukuma waya wenyewe, si umeme unaopita ndani yake. Hakuridhika. Akachukua jani jembamba la dhahabu lililobandikwa kwenye kioo, akapitisha umeme kutoka upande mmoja hadi mwingine, kisha akaliweka kati ya ncha za sumaku kali. Pembeni mwa jani, mahali ambapo hapakutakiwa kuwa na umeme wowote, akapata volti ndogo mno. Sumaku ilikuwa imeusukuma umeme kando ndani ya dhahabu. Inafaa kukumbuka kwamba elektroni ilikuwa bado haijagunduliwa, J. J. Thomson aliitangaza mwaka 1897. Hall alipima athari ya kitu ambacho hakuna aliyekijua.

Dhahabu hutoa volti ndogo kiasi kwamba jambo hilo lilibaki kazi ya maabara kwa miongo mingi. Ni pale vilipokuja vipitishi nusu, vifaa vilevile vinavyotengenezewa transista, ndipo sensa ya Hall ilipoweza kuingia kwenye mashine za kawaida. Leo zimejaa kila mahali: kwenye magari, kwenye pikipiki za umeme, hata kwenye feni ya kompyuta iliyotupwa nyuma ya duka.

Hiyo feni ndiyo mwalimu wa bure. Bandua karatasi iliyobandikwa mgongoni, toa kipete kidogo cha plastiki kinachoshikilia ekseli, vuta panga. Ndani ya kikombe cha panga utaona ukanda wa sumaku umezunguka ukuta. Upande wa pili zipo koili za waya wa shaba, na ukingoni mwa bodi ndogo, katikati ya koili mbili, kimesimama kidude cheusi kidogo kuliko punje ya mchele, chenye miguu mitatu au minne. Hicho ndicho sensa ya Hall. Kazi yake ni kutambua ncha ipi ya sumaku inapita mbele yake, ili umeme ubadilishwe koili kwa wakati na panga liendelee kuzunguka. Feni haihitaji kujua zaidi ya hapo.

Mashine ya kuchonga nayo, kwa kuanzia, haihitaji mengi. Inahitaji kujua nyumbani ni wapi, yaani sifuri yake iko mahali gani. Kwa kazi hiyo hutumika sensa ya kuwaka na kuzima, na inayopatikana kwa urahisi zaidi ni A3144. Ina miguu mitatu: umeme, ardhi na jibu. Jibu lake halitoi volti lenyewe. Sensa hulivuta chini tu ikiiona sumaku, kwa hiyo lazima uweke rizista ya kilo-omu 10 hivi kati ya mguu wa jibu na umeme. Wengi hukosea hapo. Kosa la pili ni la sumaku kugeuzwa: sensa hii huitikia ncha ya kusini tu, ikija upande wenye maandishi. Fundi huileta ncha ya kaskazini, haoni kitu, anaamua ameuziwa mbovu na kurudi dukani kugombana. Igeuze sumaku kwanza, ndipo ugombane.

Sumaku ya kazi hii unaweza kuitoa kwenye diski kuu ya kompyuta iliyokufa. Ni za neodimiamu, zina nguvu za ajabu, na zimegandishwa kwenye bamba la chuma kwa gundi. Tahadhari ni mbili. Zikirukiana na kidole kikiwa katikati, utalia. Na kwa kuwa ni ngumu lakini dhaifu kama kigae, zikigongana humeguka na vipande hurukia macho. Joto nalo huzidhoofisha. Zile za kawaida huanza kupoteza nguvu moja kwa moja zikizidi nyuzi 80 za Selsiasi, kwa hiyo usizibandike kwenye mota inayochemka.

Utamu wenyewe unaanza pale unapotaka mashine ijue ilipo wakati wote, si nyumbani tu. Hapa kipenzi cha waundaji ni chipu ya AS5600. Unaweka sumaku ndogo ya duara mwishoni mwa shafti, kwa kawaida ya kipenyo cha milimita 6 na unene wa milimita 2.5, na chipu inakaa mbele yake bila kuigusa, umbali wa kati ya nusu milimita na milimita 3. Ndani ya chipu zimo sensa kadhaa za Hall zinazosoma sumaku kwa pande tofauti. Shafti inapozunguka, masomo hayo hupanda na kushuka kwa mawimbi mawili, sini na kosini, na kutoka kwenye mawimbi hayo chipu hukokotoa pembe.

Ukokotoaji wenyewe una historia inayonifurahisha. Chipu hutumia njia iitwayo CORDIC, iliyochapishwa mwaka 1959 na Jack Volder, mhandisi aliyekuwa akishughulikia kompyuta ya kuongozea ndege ya kivita ya Marekani, B-58. Hutafuta pembe kwa kujumlisha, kutoa na kusogeza tarakimu, bila kuzidisha hata mara moja, kwa kuwa enzi hizo kuzidisha kulihitaji vifaa vingi na vizito. Hesabu ya ndege ya mabomu sasa inasaidia kuchonga vitasa vya kabati.

Chipu huugawa mzunguko katika sehemu 4,096. Gawanya nyuzi 360 kwa 4,096, unapata karibu nyuzi 0.088 kwa kila sehemu. Ukiwa na mkono wa roboti wa milimita 300, sehemu moja ni chini ya nusu milimita kwenye ncha ya mkono. Hapo ndipo muundaji anapochangamka na kuanza kuwaeleza jamaa zake kwamba mashine yake inapima hadi nusu milimita.

Haipimi. Ina tarakimu nyingi, lakini tarakimu nyingi si sawa na ukweli. Waraka wa kiufundi wa chipu hiyohiyo unasema pembe inayosomwa inaweza kupishana na pembe halisi kwa nyuzi 1, na hiyo ni pale sumaku ilipokaa sawasawa. Nyuzi 1 kwenye mkono wa milimita 300 ni zaidi ya milimita 5. Nusu milimita imegeuka milimita 5, na bado hatujaanza kuhesabu uzembe wetu wenyewe.

Uzembe wetu uko kwenye sumaku. Katikati ya sumaku inatakiwa isipishane na katikati ya chipu kwa zaidi ya robo milimita. Robo milimita ni unene wa karatasi mbili tatu. Ukibandika sumaku kwa kukadiria kwa macho huku umeishika kwa kibano, huwezi kuifikia. Njia inayofaa ni kuchapa kofia ya plastiki kwa printa ya 3D, upande mmoja tundu la kuvaa shafti, upande wa pili kishimo cha kukaa sumaku, vyote viwili katika kazi moja ya uchapaji ili vitovu vyao vilingane. Sumaku ikishaingia, ifunge kwa gundi ya mirija miwili. Ile gundi ya haraka hukauka ikawa kama kioo, na mtikisiko wa mota huivunja.

Kofia ya plastiki ina faida nyingine. Wapo wanaobandika sumaku moja kwa moja kwenye ncha ya shafti ya chuma. Chuma hunyonya nguvu ya sumaku na kuipinda, na chipu inasoma kilichobaki. Ikae mbali kidogo, ishikiliwe na plastiki, shaba au alumini. Na kama mashine yako inakata chuma, ifunike kabisa, maana chenga za chuma zitaipenda kuliko wewe.

Halafu kuna sumaku isiyo sahihi, na hili limewasumbua wengi. Sumaku za duara zinazouzwa kwa wingi zina ncha ya kaskazini juu na ya kusini chini. AS5600 inataka iliyogawanywa kwa upana, nusu duara kaskazini na nusu kusini. Kwa macho zinafanana kabisa. Zijaribu kwa dira: ilaze sumaku mezani kando ya dira, kisha izungushe taratibu ikiwa imelala. Sindano ikiifuata na kuzunguka, hiyo ndiyo. Sindano ikitulia, irudishe dukani, au itumie kwa kazi ya nyumbani niliyoieleza juu.

Chipu yenyewe husaidia kujua kama umeiweka vizuri. Ukiisoma kwa Arduino au bodi nyingine ya aina hiyo, inayo taarifa ya kusema sumaku haionekani, ni dhaifu mno au ni kali mno, pamoja na namba ya jinsi inavyolazimika kukuza inachopokea. Sogeza chipu mbele na nyuma mpaka namba hiyo ikae karibu na katikati ya kiwango chake. Dakika chache hizi zina thamani kubwa kuliko kununua chipu ya bei ya juu zaidi. Angalia pia mguu ulioandikwa DIR. Kwenye bodi nyingi unaachwa ukining'inia, na ukining'inia, chipu inaweza kuhesabu kulia leo na kushoto kesho. Uunge ardhini.

Makosa yanayobaki baada ya hapo yana tabia nzuri: hujirudia. Sumaku iliyokaa kando kidogo hudanganya kwa mawimbi yaleyale kila mzunguko, na kitu kinachodanganya kwa utaratibu kinaweza kusahihishwa. Wanaounda mota za hatua zenye sensa hutumia mota yenyewe kama rula. Wanaizungusha bila mzigo, hatua moja moja, wanaandika sensa inasema nini kwenye kila moja ya hatua 200, kisha wanarudia kwa kurudi nyuma na kuchukua wastani. Hatua kamili za mota nzuri hazikosei kwa zaidi ya asilimia 5 ya hatua moja, yaani nyuzi 0.09 hivi. Jedwali hilo linahifadhiwa kwenye programu, na kila somo jipya linarekebishwa kwalo. Sensa iliyokuwa ikikosea kwa nyuzi nzima inakaribia usahihi ambao tarakimu zake ziliahidi. Hakuna kilichonunuliwa, imetumika jioni moja na programu fupi.

Nyaya ndizo huja kuvuruga mwishoni. Chipu huzungumza na bodi kwa nyaya mbili za mawasiliano zilizokusudiwa kwa umbali mfupi. Ukizivuta mita mbili sambamba na waya wa mota, masomo yataruka ovyo kila mota inapofanya kazi. Zitenganishe, au iweke bodi ndogo palepale penye sensa. Na kwa kuwa kila AS5600 hutoka kiwandani ikiwa na anwani ileile, mbili haziwezi kukaa kwenye nyaya zilezile bila chipu ya kuzigawia zamu.

Waliokwisha kuzoea pembe huhamia kwenye mstari ulionyooka. Mashine ya kukereza chuma, kwa mfano, inataka kujua kitoroli chake kimesogea milimita ngapi. Kwa hiyo ipo AS5311, inayosoma mkanda wa sumaku wenye ncha zinazopishana kila milimita moja. Kila jozi ya ncha, milimita 2, inagawanywa mara 4,096: chini kidogo ya nusu maikromita kwa kila sehemu. Tarakimu hizo zinalevya. Lakini reli ya chuma ya mita moja hurefuka takriban maikromita 12 joto likipanda kwa nyuzi moja tu, sawa na sehemu 24 za sensa hiyo. Kati ya saa moja asubuhi na saa saba mchana, karakana ya bati inaweza kupanda nyuzi 10. Mwenye mashine hiyo, kabla ya kutoboa tundu la mwisho mchana, huirudisha kwanza nyumbani na kuanza upya kuhesabu kutoka sifuri.