Tela Kuukuu Liwe Kambi: Fizikia ya Gurudumu la Tano

Mnyuzi ni kituo cha reli katika Wilaya ya Korogwe, baina ya Muheza na mji wa Korogwe. Hapo ndipo, mwaka 1963, reli mpya iliyotoka Ruvu ilipoungana na reli ya Tanga, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1893. Mtu akitazama behewa refu likiingia katika pinda la njia panda hiyo, huenda akajiuliza swali jepesi: chuma kile hakipindiki, nacho kinapindaje?

Jibu ni kwamba bodi la behewa halikufungwa moja kwa moja juu ya magurudumu. Limekalia vigari viwili vifupi, kimoja mbele na kimoja nyuma, na kila kigari huzunguka chini yake juu ya egemeo. Vigari hufuata njia, na bodi hufuata vigari.

Kanuni hiyo hiyo imo katika malori marefu yapitayo barabara kuu ya Segera na Korogwe. Sehemu ya mbele ya tela haina magurudumu. Imekalia sahani nzito ya chuma iliyo mgongoni mwa lori, na pini moja nene iliyo chini ya tela hushikwa na taya za sahani hiyo. Sahani hiyo huitwa gurudumu la tano. Jina lilirithiwa kutoka magari ya farasi, ambayo juu ya ekseli yake ya mbele palilazwa gurudumu bapa ili ekseli iweze kugeuka.

Mwaka 1914, mhunzi wa Detroit, Marekani, aliyeitwa August Fruehauf, alimtengenezea mfanyabiashara wa mbao tela la kukokotwa na gari la Ford. Mzigo wake wa kwanza haukuwa mbao bali mashua, maana mteja alitaka kwenda nayo ziwani kupumzika. Baadaye, Marekani, yakaenea matela ya aina hii yaliyojengwa kama nyumba ndogo, yenye vitanda, jiko na tangi la maji.

Wazo la kulala katika chombo cha safari si geni Afrika Mashariki. Zama za injini za mvuke, katika safari ndefu za reli baina ya Mombasa na Nairobi, zamu mbili za wafanyakazi zilisafiri pamoja: moja ikiendesha, nyingine ikipumzika katika behewa lililofungwa kwa ajili hiyo.

Tuchukulie basi kwamba shule imepata tela kuukuu la makazi na inakusudia kulifanya kambi ya masomo, wanafunzi wapate kuchunguza mimea ya msitu wa Mnyuzi, kwenye miteremko ya Usambara Mashariki. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye ujuzi, lakini karibu kila hatua yake imo katika mtaala wa fizikia na kemia. Anayekosea hapa hapotezi alama za mtihani. Huenda akapoteza watu.

Pini, chasisi na kutu

Ukaguzi huanza palipo na hatari kubwa zaidi, yaani kwenye pini. Pini ya kawaida ina kipenyo cha milimita 50.8. Msuguano huila kidogo kidogo, na ikipungua hadi kufikia milimita 49 huhesabiwa kuwa imekwisha. Tofauti hiyo haionekani kwa macho. Hupimwa kwa kalipa. Pini iliyokwisha hubadilishwa. Haijazwi kwa kulehemu, kwa sababu joto la kulehemu hubadili ugumu wa chuma chake.

Chasisi hufuata. Kutu ni zao la chuma, oksijeni na maji, na chumvi huharakisha mmenyuko huo. Kwa hiyo tela lililokaa miaka mingi karibu na bahari ya Tanga hutiliwa shaka zaidi kuliko lililokaa bara. Rangi mpya si ushahidi wa uzima. Fundi hugonga kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia kwa sauti kali, kilicholika hutoa sauti nzito iliyokufa.

Mzigo uwekwe wapi?

Tuseme tela lina kilo 4,000, umbali kutoka pini hadi katikati ya ekseli ni mita 6, na kitovu cha uzito kipo mita 4.8 nyuma ya pini. Kwa kanuni ya momenti, ekseli zitabeba kilo 4,000 × 4.8 ÷ 6, yaani kilo 3,200. Zilizobaki, kilo 800, zitabebwa na pini. Hiyo ni asilimia 20 ya uzito wote, na kwa matela ya aina hii hupendekezwa kuwa pini ibebe baina ya asilimia 15 na 25.

Sasa liongezwe tangi la maji la lita 300, ambalo likijaa maji yake yana kilo 300. Likiwekwa juu ya ekseli, pini haitaongezewa wala kupunguziwa chochote. Likiwekwa nyuma, mita 7.5 kutoka pini, litafanya kazi kama mtoto aliyekaa ncha ya pembea: litainua mbele kwa kilo 75. Pini itabaki na kilo 725, chini kidogo ya asilimia 17 ya uzito mpya. Yakiongezwa magunia na vitanda huko nyuma, tela litaanza kuyumba, na lori litafuata mayumbo hayo badala ya kuyaongoza. Vitu vizito na viwe chini, karibu na ekseli.

Matairi na beringi

Tela lililosimama muda mrefu huwa na matairi yenye kashata nzuri na mpira uliozeeka. Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne za mwisho wa namba ya kiwandani: 2314, kwa mfano, ni juma la 23 la mwaka 2014. Watengenezaji wengi hushauri tairi lililotimiza miaka 10 liondolewe hata kama halijatumika.

Upepo hupimwa tairi likiwa baridi. Tairi likisoma kilopaskali 600 asubuhi, shinikizo lake halisi, pamoja na la angahewa, ni kama 700. Joto la hewa iliyomo likipanda kutoka nyuzi 27 hadi 57 za Selsiasi, yaani kutoka kelvini 300 hadi 330, shinikizo halisi litapanda kwa asilimia 10 na kipimo kitasoma kama 670. Dereva asiyejua jambo hili hupunguza upepo njiani. Jioni tairi hubaki na upepo haba, hukunjika kupita kiasi, huchemka na kupasuka.

Beringi za magurudumu hufunguliwa, huoshwa na kutiwa grisi mpya. Baada ya kilomita 20 za kwanza gari husimamishwa, na mkono hukaribishwa kwa uangalifu kwenye kila kikombe cha gurudumu. Kilicho cha moto kuliko wenzake kina kasoro, ama ya beringi ama ya breki.

Breki na taa

Kutoka Lushoto hadi Mombo barabara hushuka takriban mita 900. Tela la kilo 4,300 likishuka mteremko huo hupoteza nishati ya mahali ya kama megajuli 38. Nishati haipotei ovyo. Breki zikiachiwa kazi yote peke yake, yote hugeuka joto. Joto hilo lingetosha kuchemsha lita 120 za maji kutoka nyuzi 25. Ndiyo maana dereva mwelewa huteremka kwa gia ndogo ili injini ishike sehemu ya kazi. Breki za tela, ziwe za hewa au za umeme, hujaribiwa kwa mwendo mdogo kabla ya safari, pamoja na kifaa kinachofunga magurudumu endapo tela litachomoka.

Taa nazo zina mtego. Matela mengi ya makazi hutumia volti 12, na malori mengi makubwa hutumia volti 24. Kwa kuwa nguvu ya umeme hufuata mraba wa volti, taa ya wati 21 ikiunganishwa kimakosa hulazimishwa kutumia wati kama 84, nayo huungua mara moja. Usiku huo tela halina taa za nyuma.

Hewa ya ndani

Hatari iliyo kimya kuliko zote imo jikoni. Mkaa unaowaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu iliyo zaidi ya mara 200 ya ile ya oksijeni. Aliyelala hazinduki. Jiko la mkaa, basi, halina nafasi ndani ya tela, hata usiku wa baridi, hata kwa dakika chache.

Gesi ya mitungi ina tabia nyingine. Masi ya moli ya hewa ni kama gramu 29, ya propeni 44 na ya buteni 58. Gesi ikivuja haipandi. Hutambaa sakafuni kama maji na kungoja cheche. Matundu ya kuipitisha nje na yawe chini kabisa, usawa wa sakafu, na mtungi ukae nje. Matundu ya juu yawekewe wavu wa mbu, kwa kuwa Korogwe ni nchi ya malaria. Watu wasipande ndani ya tela likiwa mwendoni.

Kuliegesha

Kambi isiwekwe katika mkondo mkavu wa mto, maana mvua hunyesha milimani na maji hushuka bila taarifa. Magurudumu hukingwa kwa vigingi kabla lori halijaachana na tela. Miguu ya mbele hukalishwa juu ya mbao: mguu wenye kilo 400 juu ya bamba la sentimita 10 kwa 10 hukandamiza ardhi kwa kilopaskali 392, lakini juu ya ubao wa sentimita 40 kwa 40 hukandamiza kwa 24.5 tu. Udongo uliolowa hustahimili ya pili, si ya kwanza.

Maswali ya darasani

1. Tangi la lita 300 likihamishiwa mita 3 nyuma ya pini, pini itabeba kilo ngapi? Je, ni asilimia ngapi ya uzito wote?
2. Kwa nini tundu lililo darini halitoshi kuondoa gesi ya mtungi iliyovuja?
3. Chora behewa la reli na tela la lori, kisha onyesha mahali bodi linapozungukia katika kila kimoja. Kwa nini tela huhitaji egemeo moja tu, na behewa mawili?