Karanga Katika Uji wa Watoto

Pale ambapo wazazi wa Katumba wamechanga unga na kuni, mtoto wa darasa la awali hupata kikombe cha uji kabla ya jua kupanda. Jambo hili twaliunga mkono kwa dhati. Mtoto wa miaka mitano aliyeondoka nyumbani bila ya kutia kitu tumboni hawezi kumsikiliza mwalimu, na Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, iliyoifanya elimu ya awali kuwa ya lazima, haina maana kwa tumbo tupu. Leo, hata hivyo, tunataka kuzungumzia kile kinachotiwa ndani ya uji huo.

Aghalabu mahindi huchanganywa na karanga na soya, pengine na maziwa, ukapatikana uji wa lishe. Hatuna ugomvi na karanga. Katika ardhi ya Katumba, ambayo wakimbizi kutoka Burundi walianza kuilima mwaka 1973, karanga hustawi pamoja na mahindi, maharage na mihogo. Na kwa nyumba isiyomudu nyama, ndizo zinazompa mtoto protini na mafuta. Atakayetaka karanga zipigwe marufuku shuleni atawanyima wengi chakula kwa ajili ya wachache, nasi hatukubaliani naye.

Lakini hao wachache wapo, nao ni watoto wetu. Mzio ni hali ya mwili kukipokea chakula kizuri kana kwamba ni adui. Mtoto mwenye mzio wa karanga, maziwa, mayai, samaki, soya au ngano huweza kuvimba midomo na macho, kutokwa na vipele, kutapika, na katika hali mbaya kubanwa pumzi na kuzimia, yote hayo kwa muda wa dakika chache. Dawa ya kwanza ya hali hiyo ni sindano ya adrenalini katika msuli wa paja, na sindano hiyo haimo katika kabati la mwalimu. Pikipiki ya kwenda kituo cha afya nayo haisubiri mlangoni. Tumewasikia watu wazima wakisema kwamba mtoto wa namna hiyo anadeka, au karogwa. Maneno hayo ndiyo yanayomfanya mzazi akae kimya siku ya kumwandikisha mwanawe.

Tena mtoto wa awali hawezi kujitetea. Unga uliokwisha kusagwa hauonyeshi kilichomo. Yeye anaona uji tu, na mwenzake anakunywa. Kwa hiyo dhamana ni yetu wazee. Mwalimu amwulize kila mzazi kama kuna chakula kinachomdhuru mtoto wake, jibu liandikwe, na mpishi aambiwe. Mahindi yasagwe kabla ya karanga, maana mashine iliyotoka kusaga karanga huacha mabaki. Karanga zihifadhiwe mbali, zitiwe sufuriani baada ya mwenye mzio kuchotewa uji wake mtupu, kwa upawa safi na kikombe chake mwenyewe. Hayo hayahitaji mfadhili.

Kuna balaa jingine ambalo watu hulichanganya na mzio, nalo ni sumukuvu. Hiyo haichagui mtu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Karanga na mahindi yaliyoota ukungu au kubadilika rangi yasiingie kabisa katika chakula cha shule, kwani kuchemsha hakuiondoi sumu hiyo. Ni aibu iliyoje mtu kupeleka karanga nzuri sokoni, kisha zile zilizosinyaa akaziita mchango wa watoto! Na hata zilizo nzuri, wadogo wasipewe zikiwa nzima, kwa sababu punje moja yaweza kuziba njia ya hewa.

Siku ambayo uji haupo, ndizi mbivu, kiazi kitamu kilichochemshwa, boga au embe la msimu vyatosha, navyo ni mara elfu bora kuliko pipi na ubuyu wa rangi unaouzwa langoni.

Kamati za shule zitakutana kabla ya uandikishaji wa Januari. Tunaziomba ziweke katika daftari safu moja zaidi, pembeni ya jina la mtoto na la mzazi wake: chakula kisichopatana naye.