Lenzi ya Nyongeza na Viluwiluwi vya Pipani

Mwaka 2012 mbu aitwaye Anopheles stephensi, ambaye asili yake ni Asia, aligunduliwa nchini Djibouti. Mwaka 2016 alionekana Ethiopia, na mwaka 2023 ikatangazwa kwamba amekwisha ingia Kenya. Mbu huyu hueneza malaria, naye huzaliana vyema katika matangi na mapipa ya maji mijini. Kwa hiyo kuchunguza maji ya pipa la shule ni kazi yenye maana. Kikwazo ni kwamba kiluwiluwi cha mbu kina urefu wa milimita chache tu, na kamera ya kawaida ikikisogelea mno hutoa picha yenye ukungu.

Sababu yake ni hii: miale itokayo kwenye kitu kilicho karibu huwa imetawanyika mno, na lenzi ya kamera haiwezi kuikusanya ipasavyo. Lenzi ya nyongeza ni lenzi mbinuko, yaani nene katikati na nyembamba kandoni, ivalishwayo mbele ya lenzi ya kamera. Kitu kikiwekwa penye fokasi yake, miale hutoka ikiwa sambamba, kana kwamba imetoka mbali sana. Kamera iliyorekebishwa kwa vitu vya mbali hupata taswira dhahiri.

Nguvu ya lenzi hupimwa kwa dayopta, yaani 1 kugawanywa kwa urefu wa fokasi katika mita. Lenzi ya dayopta 10 ina urefu wa fokasi wa milimita 100. Ikivalishwa kwenye kamera yenye lenzi ya milimita 50, taswira huwa 50/100, yaani nusu ya kitu chenyewe. Kiluwiluwi cha milimita 6 hutoa taswira ya milimita 3.

Faida hiyo ina gharama yake. Kina cha eneo linaloonekana wazi hupungua sana, na lenzi ya kioo kimoja huweza kuacha pindo za rangi kwenye taswira. Lenzi bora huwa na vioo viwili vilivyoambatanishwa ili kupunguza kasoro hiyo. Aidha, kamera itulizwe, mwanga uongezwe, na tundu la lenzi lipunguzwe. Lenzi zibanwazo kwenye simu hufuata kanuni hiyohiyo.

Viluwiluwi vipigwe picha kwa ubavuni, vikiwa ndani ya bilauri angavu. Kiluwiluwi cha Anopheles hulala sambamba na uso wa maji, kwa kuwa hakina mrija wa kupumulia. Vile vya Culex na Aedes huning'inia kichwa chini, mrija ukigusa uso wa maji. Picha hiyo hutenganisha makundi hayo. Kumtambua stephensi miongoni mwa Anopheles wenzake ni kazi ya wataalamu. Hata hivyo, kiluwiluwi kilalacho sambamba ndani ya pipa la mjini ni habari ya kumfikishia ofisa wa afya, pamoja na picha, tarehe na mahali. Baada ya sampuli kuhifadhiwa, maji yaliyobaki yamwagwe mahali pakavu, na pipa lisuguliwe na kufunikwa.