Mkataba wa Bwana Sapkowski

Wasomaji wetu watatuwia radhi ikiwa leo safu hii, ambayo imezoea kuzungumza habari za karafuu, maji na barabara za shamba, itageukia jambo ambalo wengi watalihesabu kuwa ni mchezo wa watoto. Na kwa hakika ni mchezo. Ni ule mchezo wa video uitwao The Witcher, ambao vijana wakishaukalia mbele ya runinga huusahau usingizi na chakula, hata wazee wao wakanung'unika. Sisi nasi tulinung'unika. Lakini tulipouliza umetoka wapi, nani aliyeubuni na nani aliyekula faida yake, tukaona kwamba ndani yake mna habari ambayo haifai kupuuzwa na mwandishi wa visiwani, wala na ofisa wa Serikali aliyekabidhiwa mambo ya utamaduni.

Asili ya mchezo huo ni vitabu, na asili ya vitabu hivyo ni hadithi moja fupi. Bwana Andrzej Sapkowski alizaliwa mwaka 1948 katika mji wa Łódź, nchini Poland. Hakuwa mwandishi wa kazi; alisomea uchumi, akawa muuzaji wa bidhaa katika biashara ya nchi za nje. Jarida la Fantastyka lilipotangaza mashindano ya hadithi fupi, naye akapeleka yake, ikachapishwa Desemba 1986. Hakupata nafasi ya kwanza wala ya pili. Alipata ya tatu.

Shujaa wa hadithi hiyo ni Geralt, mtu aliyegeuzwa mwili wake utotoni kwa madawa na uchawi ili awe mwindaji wa mazimwi. Huzunguka vijijini na mijini na upanga wake akitafuta ujira. Watu wamhitaji, na watu hao hao wamchukia. Balaa ikishaondoka humlipa kwa kinyongo na kumtaka awe ameshatoka mjini kabla ya magharibi. Wasomaji wa Poland walimpenda mara moja. Hadithi fupi zikawa nyingi, zikakusanywa, kisha kati ya mwaka 1994 na 1999 zikafuata riwaya tano zinazounda kisa kimoja kirefu.

Mtu asidhani kwamba Bwana Sapkowski aliyatoa hayo yote kichwani mwake. Alichota katika ngano za watu wa kwao na za majirani zao wa Ulaya. Katika hadithi ile ya kwanza yumo strzyga, binti wa mfalme aliyezaliwa mfu, kisha akawa anatoka katika jeneza lake usiku kuwala watu. Katika mchezo yumo leszy, mwenye msitu, na yumo południca, jinni wa kike anayewatokea wavunaji mashambani saa sita za mchana. Huyo wa mwisho wasomaji wetu watamtambua bila ya tafsiri, kwani bibi zetu nao walitukataza kupita chini ya mbuyu jua likiwa la utosi.

Mchezo wa kwanza ulitoka Oktoba 2007, wa pili Mei 2011, na wa tatu, uliopewa jina la Wild Hunt, tarehe 19 Mei 2015. Yafaa tueleze kidogo namna unavyochezwa, kwa faida ya wale ambao, kama sisi, walikuwa wakisikia makelele yake tu kutoka chumba cha pili. Mchezaji huivaa nafsi ya mhusika. Hukaa ndani ya Geralt, akatembea kwa miguu yake, akapigana kwa mkono wake, na la kubwa zaidi, akachagua maneno atakayoyasema na jambo atakalolitenda. Kisa hufuata njia aliyoichagua. Watungaji wa mchezo hawakuvisimulia vitabu upya. Walianzia pale riwaya ya mwisho ilipokoma, wakamleta Geralt akiwa amepoteza kumbukumbu zake, ili mchezaji asiyejua chochote awe sawa na shujaa asiyekumbuka chochote. Hila hiyo ilitupendeza.

Tutoe mfano mmoja. Katika mchezo wa tatu iko nchi iitwayo Velen, iliyoharibiwa na vita, na ndani yake yumo kabaila mmoja mlevi anayejulikana kwa lakabu ya Baroni wa Damu. Mkewe na binti yake wametoweka, naye amwajiri Geralt awatafute. Mwanzo mchezaji humhurumia. Kisha, kidogo kidogo, hugundua kwamba watu hao hawakuibwa bali walikimbia, na kwamba yule bwana alikuwa akimpiga mkewe, hata mimba ikaharibika. Wala kisa hakimwachi mchezaji akamchukia mtu huyo kwa raha yake, maana humwonyesha pia majuto yake na ubaya wa nyumba nzima ile. Baadaye mchezaji hufikishwa kwenye mti mkongwe ambamo imefungwa roho. Akiifungua, roho hiyo huwaokoa watoto yatima waliokuwa waliwe na vikongwe watatu wa kinamasi, lakini huangamiza kijiji kizima, mke wa Baroni hufa, na Baroni mwenyewe hujinyonga. Akiiua, mke hunusurika akiwa amerukwa na akili, mumewe akamchukua kwenda kumtafutia tiba mbali, ilhali wale watoto hawaonekani tena. Mchezaji haambiwi hayo mapema. Huyaona baadaye, wakati hakuna tena wa kumlaumu ila nafsi yake.

Tumekirefusha kisa hiki kwa makusudi, ili ionekane kwamba hiki si kitu cha kupigapiga vidole tu. Ni hadithi, na hadithi hiyo ina damu ya vitabu. Hukumu ile ya kuchagua baina ya maovu mawili, nalo lililo dogo lisijulikane, ndiyo iliyozitawala hadithi za Bwana Sapkowski tangu mwanzo. Hata muziki wa mchezo huo ulitengenezwa pamoja na kundi la Percival la huko huko Poland, lipigalo ala za kale.

Sasa tuwazungumze walioutengeneza. Kampuni ya CD Projekt ilianzishwa Warsaw mwaka 1994 na vijana wawili, Marcin Iwiński na Michał Kiciński. Poland ya wakati ule ilikuwa imejaa michezo ya wizi. Watu walinakili programu za nchi za nje wakaziuza sokoni, mchana kweupe, wala hapakuwa na aliyeona haya. Mwaka huo huo wa 1994 Bunge la Poland lilipitisha sheria mpya ya hakimiliki, na biashara ya halali ikapata mahali pa kusimamisha miguu. Vijana wale waliagiza michezo kutoka nje na kuiuza. Mwaka 1999 walitoa mchezo mmoja wa Kimarekani na wa Kikanada, Baldur's Gate, wakiwa wameufasiri wote kwa Kipolandi na kuwapa waigizaji wa nyumbani sauti za wahusika. Ulinunuliwa sana, ingawa nakala za wizi zilikuwepo. Mtu alipenda kuzungumzishwa kwa lugha ya mama yake, na kwa ajili hiyo alikubali kutoa fedha. Baada ya hapo ndipo walipothubutu kutengeneza mchezo wao wenyewe, na walipotafuta kisa, wakamwendea Bwana Sapkowski.

Mafanikio yake yalikuwa makubwa kupita kiasi. Mchezo wa tatu uligharimu zaidi ya dola milioni 80 kuutengeneza na kuutangaza, na kufikia mwaka 2023 ulikuwa umeshauzwa nakala zaidi ya milioni 50. Serikali ya Poland nayo haikuona aibu kujivunia mchezo. Rais Barack Obama alipoizuru Warsaw mwaka 2011, Waziri Mkuu Donald Tusk alimpa zawadi ya mchezo wa pili, na Bwana Obama aliporudi huko mwaka 2014 aliutaja hadharani kama mfano wa nafasi ya Poland katika uchumi mpya wa dunia, huku akikiri kwamba yeye mwenyewe si hodari wa michezo hiyo.

Je, mwenye hadithi alipata nini? Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu. Bwana Sapkowski aliuza haki zake kwa mkupuo, kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa zloti 35,000 hivi. Haikuwa kwamba alidanganywa. Alitakiwa apokee asilimia ya mapato, naye akakataa, akataka fedha zake zote pale pale, kwa sababu hakuamini kwamba patapatikana faida yoyote. Alikuwa na sababu: katika miaka ya 1990 kampuni nyingine ya Poland ilijaribu kutengeneza mchezo wa Geralt na ikauacha njiani. Tena hakuwa mchezaji wa michezo hiyo, wala hakuiheshimu sana. Mwaka 2017 alikiri mwenyewe mbele ya waandishi wa habari kwamba jambo lile lilikuwa upumbavu wake.

Kukiri si kusamehe. Oktoba 2018 mawakili wake waliiandikia kampuni barua kudai si chini ya zloti milioni 60. Walitegemea kifungu cha 44 cha ile ile sheria ya hakimiliki ya mwaka 1994. Kifungu hicho chasema kwamba ikiwa malipo ya mtunzi yamepishana mno na manufaa aliyoyapata aliyenunua haki, mtunzi aweza kuiomba mahakama iyaongeze. Kampuni ilijibu hadharani kwamba madai hayo hayana msingi na kwamba ilizipata haki zake kihalali, ila ingependa kubaki na uhusiano mwema na waandishi ambao kazi zao ndizo chimbuko la kazi yake. Wako waliomcheka mzee. Wakasema, aliyekataa sehemu ya mavuno wakati wa kupanda haji na pakacha wakati wa kuvuna.

Sisi hatukucheka. Sheria iliyoilinda kampuni isiibiwe na wanakili wa sokoni ndiyo hiyo hiyo iliyomlinda mtunzi. Haiwezekani kuushika ukurasa mmoja wake na kuuchana wa pili. Na si Poland peke yake yenye fikira hiyo. Mwaka 2019 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo nambari 790 linalozitaka nchi wanachama zimpe mtunzi njia ya kudai malipo zaidi pale yale ya awali yanapoonekana kuwa madogo mno yakilinganishwa na mapato yaliyofuata. Msingi wake ni kuwa mtunzi, anapotia saini, mara nyingi hajui anauza nini, naye anayenunua ana mawakili.

Tumesema tangu mwanzo kwamba habari hii yatuhusu. Zanzibar nayo ina mtunzi wa mfululizo wa vitabu uliopendwa. Marehemu Muhammed Said Abdulla alimzaa Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa mwaka 1960, na akamrudisha katika Kisima cha Giningi, Siri ya Sifuri na vinginevyo, hadi Kosa la Bwana Msa la mwaka 1984. Hatusemi kwamba kesho Bwana Msa atatiwa katika mashine. Lakini mtu gani mwaka 1986 angesema kwamba hadithi ya nafasi ya tatu katika jarida la Kipolandi itauzwa duniani kote? Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ni ya mwaka 2003. Twawaomba wanaoisimamia wakisome kile kifungu cha 44 cha Wapolandi, wakipime na chetu, na wawaandalie waandishi wa visiwa hivi mfano wa mkataba ulio wazi, unaotaja kwa majina kila kinachouzwa: kitabu peke yake, redio peke yake, filamu peke yake, mchezo peke yake, na kwa muda gani. Karatasi mbili tatu zatosha. Kijana anayeandika riwaya usiku baada ya kusomesha skuli mchana hana fedha za wakili, na mchapishaji akimletea karatasi atatia saini kwa furaha ya kuona jina lake juu ya jalada.

Ama Bwana Sapkowski, mambo yake hayakufika mahakamani. Desemba 2019 yeye na CD Projekt walitia saini mkataba mpya, na masharti ya fedha wakayaweka siri baina yao. Mwezi huo huo tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu vyake ilianza kuonyeshwa na kampuni ya Netflix, na vitabu vile, vingine vikiwa na umri wa miaka zaidi ya 20, vikarudi madukani kwa wingi katika lugha nyingi. Mwaka 2024, akiwa na miaka 76, alitoa riwaya nyingine juu ya ujana wa Geralt. Na katika mji wake wa Łódź, kwenye mtaa wa Piotrkowska, kuta za maghorofa matatu zimechorwa sura za wahusika wake, kubwa hata mpita njia hulazimika kurudi nyuma na kuvuka barabara ndipo azione zote.