Kuchora chati ya ngeli si kujifunza ngeli

MAJUZI nilikaa nyuma ya darasa la shule ya msingi nikimkagua mwanafunzi wangu aliyekuwa kwenye mazoezi ya kufundisha. Mada ndogo ilikuwa ngeli ya U-ZI. Watoto waligawanywa katika vikundi, wakachora funguo, nyuzi na nyembe kwenye karatasi za manila, wakapaka rangi, wakabandika ukutani. Dakika 35 zikaisha. Darasa lilipendeza kweli! Kengele ilipolia, mtoto mmoja akamwendea mwalimu: “Mwalimu, funguo yangu imepotea.” Hakuna aliyeshtuka.

Nilipomuuliza mwalimu huyo shughuli ile ililenga nini, alinijibu, “Prof, ni ushirikiano na ubunifu.” Sikatai. Lakini matokeo maalum aliyoandika kwenye andalio lake la somo yalisema mwanafunzi aweze kutumia nomino za U-ZI katika sentensi. Kitenzi ni kutumia. Watoto walikata, wakapaka, wakabandika. Kutumia kulikuwa wapi?

Ralph Tyler, mtaalamu wa mitaala wa Marekani, alieleza mwaka wa 1949 kwamba mwanafunzi hujifunza kutokana na anachofanya yeye mwenyewe, si anachofanya mwalimu. Tangu Mtaala wa Umilisi uingie shuleni, wengi wetu tumeishika nusu tu ya hoja hiyo: bora watoto wawe na shughuli. Nusu ya pili ni kwamba atakachojifunza ni kile hasa anachokifanya. Akipaka rangi, amejifunza kupaka rangi.

Sasa tuchukue ufunguo uo huo. Wanafunzi wakae wawili wawili. Mmoja amepoteza kitu. Mwenzake ndiye mlinzi anayetunza vitu vilivyookotwa, na ana michoro minne inayokaribiana: ufunguo mmoja mrefu uliopinda, mwingine mfupi, funguo mbili ndefu zilizopinda, nyingine mbili fupi. Aliyepoteza haruhusiwi kuonyesha kidole. Lazima aseme: “Ufunguo wangu ni mrefu, umepinda.” Akisema “funguo yangu imepinda”, mlinzi anakwama. Ni mmoja au ni nyingi? Itabidi aulize. Hapo upatanisho wa kisarufi si kanuni ya kukariri tena, maana bila huo mtu haondoki na ufunguo wake.

Shughuli hii inahitaji penseli na ukurasa wa daftari. Mzazi aliyewahi kutumwa saa mbili usiku kusaka manila dukani atanielewa.

Kuna kelele, naam, hasa darasa likiwa na watoto 60. Mwalimu azunguke, atege sikio, anakili makosa mawili matatu, kisha dakika tano za mwisho ayaandike ubaoni bila kutaja majina ili darasa liyasahihishe. Na baada ya wiki mbili arudie mchezo kwa nyuzi na nyembe, kwa sababu kilichofanywa mara moja hakikai.

Chati nayo ina mahali pake, pale lengo linapokuwa kuainisha nomino. Ila mwalimu aanze na kitenzi cha lengo ndipo atafute shughuli, asianze na manila.

Nisiwalaumu vijana hawa peke yao. Mbinu shirikishi walifundishwa na sisi wahadhiri, tukiwasomea nukuu kuanzia saa mbili hadi saa nne, nao wakiandika kimya.