Saa ya mkononi inapohesabu hatua ikidhani ni moyo

Ukianza mbio stesheni ya reli ya Kigoma na kuupanda mlima wa barabara ya Lumumba kwenda Mwanga, mapigo ya moyo hupanda taratibu, si kwa mkupuo. Kwa hiyo saa janja ikikuonesha 170 kabla hata hujaanza kuhema, itilie shaka. Pengine inahesabu miguu. Wakimbiaji wengi hupiga hatua 150 hadi 180 kwa dakika, na moyo unaofanya kazi kubwa nao hufika humo humo.

Geuza saa uitazame chini: kuna vitaa vya kijani na kijidirisha cha kupokea mwanga. Damu hufyonza sana mwanga wa kijani. Moyo ukidunda, damu hujaa kwenye mishipa midogo ya ngozi na mwanga unaorudi hupungua; mdundo ukipita, huongezeka. Mmarekani Alrick Hertzman aliitumia kanuni hii tangu miaka ya 1930. Tatizo ni kwamba badiliko hilo ni dogo mno, na mkono ukitikisika hupotea kama mnong'ono sokoni.

Kukimbia kuna afadhali. Mtazame mvuvi wa Kibirizi, ufukweni mwa Kigoma, akipiga kasia: kifundo kinakunjwa na kunyooka, misuli inakaza na kulegea, na kila mvuto unaisukuma damu kwa mpigo wake wenyewe. Ongeza upepo wa usiku ziwani, ngozi ipoe na mishipa isinyae, saa ibaki na kidogo sana cha kusoma.

Wahandisi walichofanya ni kutia ndani ya saa kihisi cha mwendo, kisha programu ikatoa mtikisiko na kubakiza mdundo. Mwaka 2015 taasisi ya wahandisi ya IEEE ililifanya jambo hili kuwa shindano la wanafunzi wa vyuo. Njia hiyo ni nzuri, ila ina kikwazo kisichoepukika kirahisi: hatua na mapigo vikilingana, ukitoa kimoja unatoa na kingine.

Na ngozi yetu nyeusi je? Melanini inayoipa ngozi weusi nayo hufyonza mwanga wa kijani, kwa hiyo swali ni la haki. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa 2017, kwa watu 60, ulikuta makosa zaidi kwenye ngozi nyeusi. Ule wa Duke wa 2020, kwa watu 53, haukuona tofauti ya maana kati ya rangi za ngozi, lakini ulikuta makosa wakati wa mwendo yakizidi yale ya kupumzika kwa wastani wa asilimia 30. Kwa maoni yangu, watengenezaji bado wana deni la kupima vifaa vyao kwa watu wengi zaidi wa huku kwetu.

Kwa sasa, mkanda wa saa uliokazwa vizuri una faida zaidi kuliko saa ya bei kubwa inayoning'inia. Ipandishe vidole viwili juu ya mfupa wa kifundo, ikae bila kuteleza wala kubana, na ufute jasho na vumbi kwenye kioo cha chini. Pasha mwili kwanza. Anayetaka uhakika zaidi avae mkanda wa kifuani, unaosoma umeme wa moyo wenyewe.

Ukiitilia shaka namba, simama, weka vidole viwili kwenye mshipa chini ya kidole gumba, hesabu kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Na ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, usingoje saa ikwambie, nenda hospitali.