Kuthubutu Kubuni: Somo la Chujio la Maji kwa Vyuo Vikuu

Maji ya baadhi ya maeneo ya Mkoa wa Arusha yana madini ya floraidi yanayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha juu kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Madini hayo yakizidi huharibu meno ya watoto, na mtu akiyanywa kwa miaka mingi hudhuru mifupa.

Tatizo hilo lilimsukuma Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, kubuni chujio linalounganisha mchanga na nanoteknolojia. Mwaka 2015 alikuwa mshindi wa kwanza wa Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi, inayotolewa na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, na kupata Pauni 25,000.

Chujio hilo halina mchanganyiko mmoja unaofaa kila mahali, kwa kuwa uchafu wa maji hutofautiana kati ya eneo na eneo. Hivyo, kujaribu na kurekebisha ni sehemu ya ubunifu wenyewe.

Hapo ndipo vyuo vikuu hupata mtihani. Mwanafunzi anayepimwa kwa matokeo pekee huchagua mada yenye jibu linalofahamika, akikwepa ile inayoweza kumkwamisha. Njia ya kumwondolea hofu hiyo ni kutoa alama pia kwa ubora wa mbinu na kumbukumbu za majaribio, ili jaribio lililoshindikana lihesabiwe kuwa maarifa badala ya hasara.

Serikali imeweka mazingira ya kuwaunga mkono wabunifu. Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1986, huratibu utafiti na ubunifu nchini. Mashindano ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu (MAKISATU), yaliyoanza mwaka 2019, huibua wabunifu wa ngazi mbalimbali, vikiwemo vyuo vikuu.

Wabunifu wanapaswa pia kukumbuka kuwa upya ni sharti la kupata hataza. Ni salama zaidi kuwasilisha maombi kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA) kabla ya kuchapisha matokeo au kuyaonesha hadharani.